Nyuma ya Kifaru

Kila mtu mtaani kwetu Kizwite anajua kwamba niliendesha kifaru vitani, na kila mtu amewahi kuniuliza swali lile lile la kijinga. "Mzee Rafaeli, umetengeneza basi la bati, umetengeneza gari la paroko, umetengeneza hata meli ya Kasanga na bendera yake. Kifaru je?" Huwa najibu kwamba vizibo vya soda havitoshi, kifaru kinataka magurudumu mengi. Wanacheka, wanachukua karai lao wanaondoka, nami nabaki nimenuna mpaka jioni.

Mimi ni fundi bati. Natengeneza makarai, mifereji ya maji ya mvua, masanduku ya wanafunzi na vyombo vya kunyweshea kuku. Vigari hivi vya kuchezea ni ugonjwa wangu wa uzeeni. Mke wangu Monika husema wenzangu wamezeeka wakawa wazee, mimi nimezeeka nikawa mtoto. Simjibu. Mwanamke aliyekuvumilia miaka arobaini ana haki ya kusema analotaka.

Mwaka jana, mwezi wa nane, mtu aligonga bati la kibanda changu mara mbili, nikaruka kama kawaida yangu. Mimi ni fundi bati ambaye hawezi kusikia bati likigongwa mara mbili bila kutoka jasho. Sababu yake nitaisema.

Alikuwa Coleta, binti wa Oswaldi. Oswaldi ni rafiki yangu niliyeondoka naye Ufipa mwaka sabini na nane kwenda kumpiga nduli wa Uganda. Tulipangiwa kifaru kimoja, mimi dereva, yeye wa kupakia makombora kwenye mzinga, na Sajenti Enock aliyetuongoza alikuwa anatukaripia kila siku kwa kusemezana Kifipa kwenye redio. Mimi nilirudi. Oswaldi alizikwa huko huko Kagera pamoja na wengine. Coleta alizaliwa miezi mitatu baada ya kifo hicho, na tangu ajue kusema ananiita baba mdogo. Siku hizi ananunua mazao Kaoze na vijiji vingine vya bondeni, anayapandisha mjini kwa Fuso la kukodi.

"Shikamoo baba mdogo. Mama amekuletea ulezi wako."

Ulezi wangu! Kila mavuno mama yake, shemeji Dominika wa Mwazye, hunitumia gunia. Hakuwahi kukosa, hata mwaka ule wa ukame alileta nusu akaomba radhi. Ananishukuru. Mimi ndiye niliyempelekea rozari na kofia ya mumewe, nikamwambia kwamba Oswaldi alipigwa na bomu la adui tukisonga mbele, na kwamba hakuteseka.

Oswaldi hakupigwa na bomu. Nilimuua mimi. Nalisema mapema ili usije ukaanza kunipenda halafu ukajuta.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakuniona. Yangu ilikuwa imetimiza miaka arobaini na sita na bado ilikuwa inakwenda, tena inaletewa ulezi.

Coleta aliketi kwenye kigoda, akanieleza kilichomleta. Mama yake anazeeka. Siku ya Marehemu Wote watafanya misa ya Oswaldi kule Mwazye, na fundi anajenga msalaba wa saruji nyumbani kwa kuwa kaburi lenyewe liko mbali na hawajawahi kuliona. "Nataka chini ya picha ya baba kiwepo kifaru," akasema. "Nitengenezee."

"Vizibo havitoshi, mwanangu."

Akafungua mfuko wake akaumwaga juu ya meza yangu. Vizibo vilitawanyika mpaka chini. "Nimeviokota kwa wauza soda tangu mwezi wa sita. Vikipungua niambie."

Havikupungua. Ningefanyaje? Nikamuuliza anataka kifaru cha namna gani, nikitumaini atasema chochote tu, cha kupendeza.

"Kiwe kama kilivyokuwa siku ile."

"Siku gani?"

"Siku aliyokufa. Na tope lake na kila kitu. Nataka mama aone kitu cha mwisho baba alichokiona."

Nilikubali. Mtu mwenye hatia hana nguvu ya kukataa jambo, utamwona anakubali kila kitu.

Bodi nilikata kwenye debe la mafuta ya kula. Magurudumu yalikuwa matano kila upande, kila moja vizibo viwili vilivyokumbatiana, na kati ya la kwanza na la pili niliacha pengo, kwa sababu kifaru chetu cha Kichina kilikuwa na pengo pale. Mnyororo niliupata kwa fundi pikipiki. Mzinga ni kipande cha antena ya redio. Kichwa kile cha duara kinachozunguka kilinisumbua, kila bati nililolikunja lilitoka na pembe, mwisho nikaiba upawa wa Monika nikaukata mkono. Alipoutafuta wakati wa kupakua maharage akaukuta una mzinga, alisimama akautazama muda mrefu. "Siri ya mtungi aijuaye kata," akasema. "Sasa upawa wangu nao umejua siri za jeshi." Alikuwa anatania tu, maskini. Nilitoka nje nikajifanya natafuta msumari.

Nikapaka rangi ya kijani niliyoichanganya na nyeusi na tone la njano. Kikang'aa kama gari la bwana harusi. Hapo ndipo kazi yenyewe huanza, maana kitu kipya hakina habari, na kazi ya kuzeesha ni kukipa habari. Unajiuliza mguu wa askari ulikuwa unakanyaga wapi akipanda, hapo unakwangua rangi kwa msasa mpaka bati lionekane. Mkono ulikuwa unashika wapi kwenye mfuniko, hapo unasugua kwa kitambaa chenye mafuta. Kutu nilipata kwa kuloweka waya wa kusugulia sufuria kwenye maji ya chumvi siku tatu. Masizi nilikusanya kwa kibatari chini ya kisahani. Udongo mweusi Coleta aliniletea kutoka bondeni, nikauchekecha kwa chandarua kuukuu nikauchanganya na gundi ya mbao, ukawa tope lisilokauka machoni hata likikauka.

Nilikusudia kudanganya. Nilipanga kuweka tope mahali panapostahili kwa kifaru kinachosonga mbele, basi. Lakini mikono yangu haikuwa na ushirikiano. Nilikuwa nikiishika brashi nawaza mambo mengine, nikija kutazama naona tope liko pale pale lilipokuwa mwaka sabini na tisa. Kwenye vilinda-tope vya mbele. Kwenye bamba la mbele. Kwenye taa.

Tulikwama kwenye kinamasi, upande wa Uganda, asubuhi, mvua inanyesha. Makombora yalikuwa yanaanguka, hilo ni kweli, ila mbali kidogo. Mbele hapakupitika. Ilibidi kurudi, na kila nilipojaribu kurudi mnyororo ulizunguka bure, ukatupa tope lote mbele mpaka likaziba dirisha langu. Oswaldi akasema atashuka kuweka magogo nyuma, chini ya mnyororo. Alichukua spana kubwa. Akaniambia kwa Kifipa, maana yake, "Usirudi mpaka nigonge." Tulikubaliana agonge mara mbili akishatoka njiani.

Nilingoja. Kombora likaanguka karibu zaidi. Nikangoja. Likaanguka jingine. Baadaye nilijiambia nilisikia bati likigongwa, na miaka mingine niliamini. Sikusikia kitu. Niliogopa, nikaingiza gia ya nyuma, nikarudi.

Sajenti Enock ndiye aliyenishika kola. "Bomu limemuua. Umesikia? Bomu." Ndivyo alivyoandika kwenye ripoti yake. Naye alifariki zamani, kwa hiyo siri ilibaki na mimi. Kwa padre niliungama mara mbili, na mara zote nilisema nimefanya uzembe kazini. Nikapewa Salamu Maria tano. Kwa uzembe kazini ni adhabu ya haki kabisa.

Basi nikazeesha mbele, nikazeesha kichwa, nikazeesha ubavu wa kulia na wa kushoto mpaka kwenye bomba la moshi. Bomba liko kushoto, karibu na nyuma. Nikapaka masizi pale, brashi ikasimama. Siku ya kwanza nilijiambia nimechoka. Siku ya pili nikasema macho. Wiki ikapita, na nyuma ya kifaru pakabaki bati tupu, hata rangi sikuipaka, maneno ya debe la mafuta yalikuwa bado yanasomeka.

Mwezi wa kumi, wiki ya pili, Coleta alikuja akagonga bati mara mbili. Nilikuwa nimekifunika kifaru kwa kitenge. Alikifunua, akaziba mdomo.

"Jamani, baba," akasema. Hakuwa anasema na mimi. Akagusa mfuniko kwa kidole. "Alikuwa anakaa wapi?"

"Humu, upande wa kulia."

Alitoa machozi akayafuta akacheka. Kisha akanipa karatasi. "Haya ndiyo maneno fundi atakayochonga kwenye msalaba. Soma uone kama kuna kosa, wewe ndiye shahidi wetu." Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa: ALIPIGWA NA BOMU LA ADUI AKISONGA MBELE. Nikaisoma mara ya kwanza, nikajifanya naisoma tena. Nilipoinua macho alikuwa amekigeuza kifaru.

"Nyuma hujamaliza."

"Rangi iliisha."

"Baba mdogo, kopo la rangi si hili hapa?"

Akainama, akakitazama kwa karibu, mbele, ubavuni, mbele tena. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Mimi nimesukuma Fuso Kaoze masika kumi na mbili," akasema polepole. "Gari likienda mbele tope linaruka nyuma, linampata anayesukuma. Likirudi, tope linaruka mbele. Hili lako lote liko mbele. Limefika mpaka kwenye taa. Hiki kilikuwa kinarudi."

Ningeweza kusema nimekosea, mimi mzee, nimesahau. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umekwisha vaa na viatu. Lakini nilikuwa nimechoka, nami nilikuwa nampenda mtoto yule.

"Nilirudi," nikasema.

"Ndiyo, wewe ulirudi, baba hakurudi. Hilo tunalijua."

"Hapana, mwanangu. Sikia neno lenyewe. Nilirudi. Nyuma. Na yeye alikuwa nyuma."

Aliichukua karatasi mkononi mwangu, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Mlangoni alikuwa amesimama Monika na birika la chai, sijui tangu lini. Aliliweka chini taratibu kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

"Usinimalizie mimi," Coleta akasema. "Kamalizie kwa mama."

Asubuhi yake Monika alinipa koti langu. Hakunitania, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Coleta alikuja na gari la kukodi. Tulipita Matai tukaendelea mpaka Mwazye, yeye amekaa mbele na kifaru mapajani, ndani ya katoni ya sabuni, mimi nyuma. Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi mashambani, watu wanasubiri mvua. Hakugeuka hata mara moja.

Shemeji Dominika alikuwa uani anapepeta ulezi. Aliponiona akaacha ungo akaja mikono miwili mbele. "Shemeji! Ungesema unakuja ningechinja kuku." Alifurahi. Afadhali angenitukana. Pembeni msalaba wa saruji ulikuwa umekwisha simama, bado mbichi, hauna maneno.

Aliniwekea kiti. Sikukaa, nilipiga magoti pale pale kwenye makapi ya ulezi, na magoti yangu si ya kupigwa hovyo. Nikamweleza yote: kinamasi, magogo, spana, kugonga mara mbili. Nilieleza nikitazama chini. Nilipomaliza akaanza kuniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei sokoni.

"Huko nyuma alikuwa anafanya nini?"

"Anaweka magogo chini ya mnyororo."

"Ili iweje?"

"Ili mimi nitoke kwenye tope."

"Hakugonga."

"Hakugonga."

"Na wewe ukarudi."

"Nikarudi."

"Ukatoka?"

Kwa miaka arobaini na sita nilijiuliza maswali mengi, hilo sikuwahi kujiuliza. "Nilitoka, shemeji."

Akatikisa kichwa. "Na ulezi wangu ukala."

"Nilikula."

"Ulikuwa mtamu?"

"Mtamu."

Akainuka akaingia ndani. Coleta alisimama kando na katoni, hakunisogelea wala hakuondoka. Nikasikia sufuria, nikasikia maji. Dominika alitoka na bakuli, akainama karibu na msalaba akachota udongo uliochimbuliwa na fundi, akautia ndani, akaukoroga kwa mkono wake. Nikasema nisamehe.

"Coleta, kilete."

Alikitoa kifaru kwenye katoni akakiweka chini, mzinga ukielekea kwa mama yake, nyuma ikinielekea mimi. Bati tupu, na maneno ya debe. Dominika akasogeza bakuli.

"Malizia."

"Sikuja na brashi, shemeji."

"Una vidole."

Nikachovya. Kazi niliyoshindwa kwa wiki nzima nikaifanya mbele ya mjane wa Oswaldi kwa vidole, na yeye amechuchumaa ananiuliza. Tope lilifika wapi? Mpaka hapa. Na hapa? Hapa palikuwa na kamba ya kuvutia. Magogo yalikuwa wapi? Nikavunja vijiti kwenye ua nikaviingiza chini ya mnyororo, viwili kushoto, kimoja kulia, maana cha pili kulia hakuwahi kukiweka.

"Na yeye?"

Nikamwonyesha. Ilikuwa nafasi ndogo upande wa kulia, upana wa kidole. Dominika akatia kidole chake kwenye bakuli, akakiweka pale, akakiacha. Coleta aligeukia ukuta.

Kisha Dominika aliinua kidole, akagonga bati la kifaru mara mbili.

"Haya," akasema. "Sasa rudi."

Nikainuka, nikarudi nyumbani. Msalabani fundi alichonga jina na mwaka tu. Kwenye misa nilisimama nje ya kanisa, hakuna aliyenifukuza wala aliyeniita ndani. Na mpaka leo sijui kama siku ile shemeji alikuwa ananifukuza, au alikuwa ananipa ile ishara niliyotakiwa kuingoja, au alimaanisha nirudi tena kwake siku nyingine. Kiswahili kina neno moja kwa yote hayo, nami sina uso wa kumuuliza.

Mwaka huu mavuno yamekwisha. Gunia halijaja, wala sistahili lije. Lakini mtu akigonga bati mara mbili siruki tena. Naacha kazi, nainuka, naenda kufungua.